Kikao cha Picha ya Ndege

Kahawa ilipoa vikombeni bila mtu kuigusa. Tulikuwa barazani kwa kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, hapa Picha ya Ndege, Kibaha, wanaume kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye mkeka, na malori ya Morogoro yakinguruma kule barabarani kama kawaida yao. Arobaini ya mtoto ilikuwa imesomwa juzi yake. Huyo alikuwa wa pili. Wa kwanza alifariki akiwa na miaka mitatu. Huyu hata miwili hakuitimiza.

Shangazi ndiye aliyeshika kikao. Si mtu wa kupiga kelele. Alizungumza taratibu, akihesabu kwa vidole.

"Wote wawili walizaliwa wazima," alisema. "Mmewaona kwa macho yenu. Wananyonya, wanacheka, wamenona. Wamefika miezi saba, minane, ndipo vidole vinaanza kuvimba. Vya mikono, vya miguu, kama vimejazwa upepo. Kisha macho yanageuka manjano. Kisha damu inaisha. Sasa niambieni, maradhi gani yanayomngoja mtoto aote meno? Maradhi hayana subira. Mwenye subira ni mtu."

Akanyamaza hapo. Hakuhitaji kuendelea, maana kila mmoja wetu alikwisha geuza shingo kumtazama shemeji. Alikaa ukingoni mwa mkeka, kichwa chini, anakunja na kukunjua pindo la khanga. Kwao, ilisemwa, kuna bibi asiyeeleweka. Mganga wa kule Mlandizi alikwisha piga ramli na ramli ikaelekea hukohuko. Kabla ya Isha jambo lilikuwa limekatwa: apewe talaka, arudi kwao.

Mimi nilikuwa najua.

Naliandika hili nikiwa na aibu ambayo miaka kumi na mitano haijaipunguza. Katika sanduku langu la bati kulikuwa na daftari la baiolojia la kidato cha nne, na ndani yake mraba wenye vyumba vinne niliouchora kwa rula. Juu ya mraba mwalimu alituandikisha baba AS, pembeni mama AS. Ndani tukajaza: AA, AS, AS, SS. Chumba kimoja katika vinne, kile cha SS, mtoto anaumwa selimundu, na ni hivyo katika kila mimba, kama kete inayorushwa upya. Mwalimu alitueleza vidole vinavyovimba, akatueleza macho ya manjano. Nilipata alama ya B katika somo hilo. Siku ya kikao mraba ule ulinijia kichwani ukiwa na mistari yake yote, nami nikatazama vikombe vya kahawa.

Kwa nini sikusema? Sababu ya kwanza ni adabu. Mdogo hamkatizi shangazi. Ya pili ndiyo ya kweli zaidi. Mraba ule una pande mbili. Ningesema kwamba mama AS amebeba, ingenilazimu niseme na baba AS amebeba, na baba huyo ni damu yangu. Kumtoa shemeji kizimbani kulihitaji kuuleta ukoo wetu mzima palepale. Nikaona heri bibi asiyeeleweka.

Baadaye nilisoma sana juu ya ugonjwa ule, kwa kujilipiza, na kitu kilichonishangaza kuliko vyote ni kwamba shangazi aliona sawasawa. Mwaka 1948 daktari wa watoto aitwaye Janet Watson, huko Brooklyn, New York, aligundua jambo lilelile lililosemwa barazani kwetu: watoto wachanga wenye urithi wa selimundu hawaonyeshi ugonjwa, damu yao haipindi kama ya mama zao, halafu miezi inapita na mambo yanabadilika. Shangazi hakwenda shule zaidi ya darasa la nne, lakini macho yake yalifika pale yalipofika macho ya daktari yule. Walipoachana ni katika swali. Shangazi aliuliza: nani? Watson aliuliza: kuna nini katika damu ya mtoto mchanga kinachomkinga?

Jibu ni zuri hata kulisimulia. Mtoto akiwa tumboni hatumii hemoglobini ya watu wazima. Ana ya kwake, yenye nguvu ya kuvuta oksijeni kutoka katika damu ya mama. Akizaliwa, mwili huifunga polepole ile ya utotoni na kufungulia ya ukubwani, na mnamo miezi sita zamu imekwisha badilishwa. Kasoro ya selimundu imo katika ile ya ukubwani tu, na ni kasoro ya herufi moja katika maandishi marefu ya urithi. Hemoglobini hiyo ikishaachia oksijeni hushikana nyuzi kwa nyuzi, seli nyekundu inajikunja mfano wa mundu, inakwama katika mishipa midogo. Mishipa midogo ya mtoto iko vidoleni. Hiyo ndiyo subira aliyoisema shangazi. Hakukuwa na mtu anayengoja. Kulikuwa na kinga inayoisha muda wake.

Watu huniuliza, hasa vijana wa sekondari ya hapa jirani ninaowafundisha jioni, kinachowasukuma wanasayansi kutumbukia maisha mazima katika mambo ya vinasaba vya binadamu. Wanategemea niwaambie huruma. Huruma ipo, lakini nikiwaambia ni huruma tu nitakuwa nawadanganya, maana na sayansi nayo imewahi kukaa kikao kama chetu, tena si mbali.

Mwaka 1933, Nairobi, walikutana madaktari, walowezi na wakubwa wengine wa Kizungu wakaanzisha chama cha kuchunguza namna ya kuboresha mbegu za watu. Kinara wao alikuwa Dk. H. L. Gordon, aliyekuwa na dhamana ya hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Mwenzake, F. W. Vint, alikuwa mtaalamu wa maabara ya serikali. Vint alichukua ubongo wa Waafrika 100 waliokufa, akaupima na kuukata vipande vyembamba, na mwaka 1934 akachapisha katika jarida la kitaalamu la Uingereza kwamba ubongo wa mwenyeji wa Kenya uko nyuma ya ule wa Mzungu. Walikuwa na mizani, hadubini na majedwali. Kila kitu cha sayansi walikuwa nacho, isipokuwa swali. Hawakuwa wakitaka kujua chochote. Walikuwa na mtu wao tayari, wakitafuta ushahidi wa kumtia hatiani. Chanzo cha mawazo hayo kilikuwa Uingereza, kwa Francis Galton, aliyeyapa jina mwaka 1883, na kabla karne ya ishirini haijafika nusu Ujerumani ilikuwa imeyafikisha kwenye mauaji ya mamilioni. Chama cha Nairobi hakikufika mbali. Kiliomba London fedha za utafiti mkubwa zaidi, London ikakataa. Lakini mtu yeyote anayesema kwamba kupima kwenyewe kunatosha kumtoa mtu gizani, mpelekeni akasome habari za Vint. Mganga wa Mlandizi alitumia ungo. Vint alitumia hadubini. Ramli ilikuwa moja.

Miaka kumi na sita baada ya chama kile, katika Kenya ileile, alifika kijana aitwaye Anthony Allison. Alizaliwa Afrika Kusini, akakulia shambani Gilgil, katika Bonde la Ufa, na mwaka 1949 alikuwa mwanafunzi wa udaktari Oxford aliyepata nafasi katika msafara wa kwenda Mlima Kenya. Kazi yake ilikuwa kuchukua damu za makabila mbalimbali na kulinganisha. Hapo angeweza kuwa Vint mwingine. Alikuta kwamba watu wenye chembe ya selimundu ni wengi mno pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, kufikia mmoja katika watano na kupita, ilhali nyanda za juu ni haba kabisa. Mtu wa kikao angesema: hawa wa pwani na wa ziwani damu yao mbovu. Allison akajiuliza jambo la ajabu: kitu kinachoua watoto kimesaliaje miaka yote hii kwa wingi namna hiyo? Mbona hakijafutika?

Akatazama ramani tena. Pwani, ziwani, mabondeni: penye mbu. Juu kwenye baridi: hakuna. Mwaka 1954 akachapisha jibu ambalo leo liko katika kila kitabu cha baiolojia duniani, na lilikuwamo katika daftari langu pia: anayebeba chembe moja ya selimundu haumwi selimundu, na malaria kali haimuui kirahisi. Chembe ile ni ngao. Tatizo ni pale ngao mbili zinapokutana katika mtoto mmoja.

Sisi wa Kibaha tungepaswa kulijua hili kuliko watu wengi. Bonde la Ruvu liko hapo chini, na mbu wake tunawafahamu kwa sauti. Kiwanda cha kutengeneza dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu, kilichojengwa kwa utaalamu wa Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015, kiko hapahapa Kibaha. Mababu zetu hawakuwa na kiwanda. Walikuwa na damu iliyojifunza kupigana, na gharama ya vita hivyo iliwaangukia watoto wachache katika kila kizazi. Shemeji na kaka yangu walikuwa wazima kwa sababu ileile iliyowaua watoto wao. Hebu fikiria mtu asimame kikaoni aseme hivyo.

Nisimsafishe Allison kupita kiasi. Ili kuthibitisha, mwaka 1953 alichukua wanaume 30 wa Kijaluo jijini Nairobi, 15 wenye chembe na 15 wasio nayo, akawaambukiza malaria kwa makusudi, kisha wakatibiwa. Kati ya wasio na chembe, 14 walipata malaria. Kati ya wenye nayo, wawili tu. Inasemwa walijitolea. Katika Kenya ya mwaka 1953, chini ya hali ya hatari, Mwafrika kumkubalia daktari wa Kizungu ni kujitolea kwa kiasi gani, kila mtu apime mwenyewe. Jina la Allison nimeliona vitabuni mara nyingi. La hata mmoja wa wale 30 sijawahi kuliona. Udadisi nao, hata ukiwa safi, unaweza kusahau kwamba damu iliyomo kichupani ina mwenyewe.

Wapo pia wanaosukumwa na kilichomo nyumbani mwao. Mmarekani Nancy Wexler alimwona mama yake akipatikana na ugonjwa wa Huntington, unaomnyang'anya mtu viungo na akili polepole, na ambao kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi sawa na kurusha sarafu ya kuurithi. Badala ya kukaa akingoja, alikwenda Venezuela, kwenye vijiji vya ziwa Maracaibo vyenye wagonjwa wengi, mwaka baada ya mwaka, akikusanya damu na kuchora miti ya koo. Mwaka 1993 jeni lilipatikana. Mwaka 2020 alitangaza kwamba na yeye ana ugonjwa huo. Huyu nilipomsoma nilifunga kitabu kwa muda. Aliliuliza swali akijua jibu linaweza kuwa yeye mwenyewe, na ni hilo hasa lililonishinda mimi barazani.

Wakati shangazi anahesabu vidole, kilomita thelathini na kitu kutoka pale, Muhimbili, kazi ilikwisha anza. Dk. Julie Makani alianzisha mpango wa selimundu mwaka 2004, ukawa miongoni mwa mipango mikubwa duniani ya kufuatilia wagonjwa mahali pamoja. Mwaka 2011 Royal Society ya Uingereza ikamtunukia. Tanzania huzaa watoto takriban 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Mwanasayansi mwingine wa Kitanzania, Dk. Siana Nkya, amejikita katika hemoglobini ya utotoni, akitafuta vinasaba vinavyowafanya baadhi ya wagonjwa waendelee kuwa nayo ukubwani na kuumwa kidogo kuliko wenzao. Lile jambo la shangazi, yaani. Mtoto ni mzima mpaka miezi saba, kwa nini?

Swali hilo ndilo lililozaa dawa. Haidroksiyurea, kidonge kinachotumika hapa nchini, huurudisha mwili utengeneze tena hemoglobini ya utotoni. Na mwisho wa mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, waliidhinisha tiba ya kuhariri vinasaba, Casgevy, ambayo huivunja swichi inayoifunga hemoglobini hiyo. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, zaidi ya shilingi bilioni tano. Kwa hiyo fedha nayo iweke katika orodha ya vinavyowasukuma, na usiiweke mwishoni. Ugonjwa wa bonde la Ruvu umepata tiba ambayo Picha ya Ndege yote ikiuza viwanja vyake haijui kama itamtibu mtu wa pili.

Kaka alioa tena baada ya mwaka. Bi harusi alichaguliwa na shangazi, kutoka upande wa Kisarawe, ukoo unaoeleweka. Walipata binti. Alizaliwa mzima, ananyonya, anacheka, amenona. Nilikuwa nahesabu miezi peke yangu bila kumwambia mtu. Wa tano, wa sita. Mwezi wa nane nikaitwa usiku, nikamkuta kaka kasimama uani kamkumbatia mtoto, kashika mkono wake mdogo kwenye mwanga wa simu. Vidole vilikuwa vimevimba.

Safari hii nilisema. Sikusema kishujaa, nilisema, "Kaka, twende hospitali, na wewe ukapimwe." Tulikwenda watatu na mtoto. Muuguzi aliyetupa majibu alikuwa binti mdogo, sidhani kama alifika miaka ishirini na mitano. Mtoto SS. Mama AS. Baba AS.

Kaka aliishika karatasi muda mrefu. "Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Si wewe, baba," alijibu muuguzi. "Ni nyinyi wawili, na hakuna aliyekosa."

"Wewe hujui," kaka akamwambia. "Kulikuwa na wengine."

Muuguzi hakuelewa, na hakuna aliyemweleza. Mimi nilitazama sakafu, kama nilivyotazama vikombe.

Binti yule sasa yuko darasa la tano. Anameza kidonge chake kila asubuhi na chai, anavaa sweta Julai hata wenzake wakimcheka, anakunywa maji mengi, na mara mbili kwa mwaka huwa tunakesha naye. Anataka kuwa rubani. Ameambiwa ndege zinakwenda juu sana penye oksijeni kidogo, na amejibu kwamba atatengeneza yake.

Kuna jambo linalonitia hofu siku hizi, nalo limekuja pamoja na mwanga wenyewe. Vipimo vimeenea. Vijana wanaambiwa wapime kabla ya ndoa, na ni vyema. Lakini nimesikia kwa masikio yangu, sokoni Maili Moja, mama mmoja akimwonya mwenzake: "Ukoo ule una sikoseli, mwanao asioe pale." Zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi nchini anabeba chembe hii, ukianza kuukimbia ukoo ulio nayo, utavuka mto na kuukuta mwingine. AS na AA wakioana hawapati mtoto mgonjwa kabisa. AS na AS wanahitaji ushauri, kumpima mtoto mapema, kumwanzishia kinga na dawa. Mama yule hakuwa na habari ya hayo yote. Alikwisha pata karatasi ya maabara, akaifanya ungo.

Shemeji yangu wa kwanza aliolewa tena Mlandizi. Nilimfuata mwaka juzi, kaka akiwa ameshindwa kwenda mwenyewe. Anauza chapati na maharage kando ya barabara. Nilimweleza habari za mraba na vyumba vinne, nikamchorea nyuma ya risiti. Aliusikiliza mpaka mwisho, akageuza chapati, akaniuliza jambo moja tu: siku ile ya kikao, nilikuwa nimeshausoma au bado?

Nikamwambia nilikuwa nimeshausoma.

Ana watoto watatu, wazima wote. Mumewe ni AA; amenionyesha kadi.

Mtoto wa mdogo wetu anaoa mwezi wa kumi na mbili. Shangazi bado yupo, na kikao ni Jumamosi, baraza ileile. Nimeomba nizungumze wa kwanza, na daftari ninakwenda nalo.